Kijito Kilichochungulia Mashariki

Hata maji yana kwao.

Ndivyo alivyosema baba yenu mkubwa leo asubuhi kwenye kikao cha ukoo, wakati wajomba walipokuwa wakibishana kama yule mjane arudi kwa wazazi wake au abaki hapa kulea watoto. Alisema maneno hayo manne tu, akanyamaza. Mliona wenyewe jinsi wale waliokuwa wakipayuka walivyofunga midomo, na mjane akaenda kufunga mizigo yake. Sasa mmenifuata hapa kwenye mikeka ya pareto mnaniuliza, shangazi, maneno mafupi hivyo yamewezaje kuwanyamazisha watu wazima? Basi endeleeni kugeuza maua hayo yakauke vizuri, nami nitawaeleza yalikotoka.

Milima ya Ndumbwe mnaijua. Imelala kama ng'ombe aliyejinyoosha, kichwa kaskazini, mkia kusini. Mvua ikinyesha juu ya mgongo wake, tone linaloangukia ubavu wa mashariki huingia Mto Ruvuye, likapita mashambani kwetu, likavuka nyika yote ile ya joto, hadi baharini. Tone jirani yake, lililoangukia ubavu wa magharibi, huingia Mto Lihuvi, likaporomoka magengeni hadi ziwani. Yametoka wingu moja, yameanguka yakikaribia kugusana, na hayaonani tena.

Mahali pamoja tu mgongo huo umebonyea. Ni pale panapoitwa Shingoni. Ni uwanda mdogo wa majani mafupi na tope jeusi, na ukungu hukaa pale hata kiangazi. Kijito kimoja kinachoitwa Kahuvi hushuka kutoka kilele cha kaskazini, kikaja mpaka ukingo wa upande wetu, kiasi kwamba ukisimama pale unaona mashamba ya Igonda chini yako. Kisha kinageuka ghafla, kinavuka uwanda na kwenda kujitupa magengeni upande wa magharibi, kukutana na Lihuvi. Wazee walisema kijito hicho huja kuchungulia upande wetu, kikaona si kwao, kikarudi.

Zamani, kabla babu zenu hawajazaliwa, aliishi hapa Igonda mtu aliyeitwa Lutego. Alikuwa mkulima hodari, mwenye maneno machache, na aliposema jambo watu walilifuata. Alikuwa na mke, Tulibako, na binti mdogo, Tusa. Nyumbani mwake aliishi pia mama yake mzazi, Sekela. Mama huyo hakuzaliwa huku. Alizaliwa Itambo, bonde la Lihuvi, akavushwa Shingoni akiwa mwari, kuja kuolewa. Tangu siku hiyo hakurudi kwao hata mara moja. Mwanzoni alikatazwa na mume, baadaye akafungwa na watoto, na mwishowe watu wakasahau kabisa kwamba alitoka mahali pengine. Lugha ya kwao hakuisema tena. Hakuwa na wa kusema naye.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Ruvuye ikakonda mpaka ikabaki madimbwi yaliyotengana, na mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yakaanza kujikunja majani. Watu walipeleka macho juu kila asubuhi. Waliona ukungu wa Shingoni na walijua kwamba chini ya ukungu ule kuna maji, Kahuvi, kinachopita ukingoni kabisa mwa bonde lao halafu kinawapa mgongo.

Lutego akamwendea rafiki yake Kipala, mrina asali aliyeijua milima yote. Wakapanda, wakapima kwa macho, wakarudi. Jioni Lutego alipokuwa akinoa jembe, mama yake alimuuliza, "Mnakwenda kuchimba?"

"Tunakwenda, mama. Pale kijito kinapogeuka, ardhi ni laini. Tukikata mfereji mfupi na kuweka tuta, maji yatashuka huku."

"Mmewaambia wenyewe?"

"Wenyewe gani? Maji ni ya Mungu."

"Ni ya Mungu, ndiyo," alisema Sekela. "Lakini yana njia yake."

 Lutego alijaribu ukali wa jembe kwa kidole, akaenda kulala.

Kijiji kizima kilipanda kuchimba. Udongo ulikuwa mweusi na mlaini kama ugali wa ulezi, na kazi ilikwenda haraka. Tuta likafungwa kwa mawe na matope. Maji ya Kahuvi yalipofika pale yalisimama. Yalijaa, yakazunguka, yakafika kwenye mdomo wa mfereji, yakasita kama ng'ombe anayeswagwa kwenye zizi geni. Kipala akaingia ndani yake, akayasukuma kwa miguu huku akicheka, "Haya, pita! Pita!" Na yakapita. Watu wakapiga vigelegele, wakateremka mbio wakiyafuata.

Katika furaha ile, watu hawakuchunguza sana jambo moja. Maji yale hayakuwa na sauti. Yaliteremka kwenye mawe, yaliruka vijiporomoko vidogo, yaliingia kwenye mifereji ya mashamba, na hayakutoa hata mnong'ono. Ungeyapa mgongo usingejua kama yapo.

Kipala ndiye aliyekunywa wa kwanza. Alisema ni matamu.

Mahindi yakainuka. Watu wakaoga, wakafua, wakapika bila kupima maji. Ndipo siku moja Tusa alipochungulia mtungi uliokuwa pembeni mwa jiko akasema, "Mama, maji yamelala upande."

Tulibako alikuja kutazama. Ni kweli. Mtungi ulikaa wima, lakini maji ndani yake yaliinama. Upande mmoja yalikaribia ukingo, upande wa pili yalikuwa chini kwa upana wa vidole viwili. Alimwita mumewe. Lutego akasema sakafu imekaa vibaya, akauzungusha mtungi. Maji nayo yakazunguka taratibu, yakarudi kuinamia palepale. Akaweka jiwe chini ya mtungi. Hayakujali. Akachota kwenye kata, akaishika kwa mikono miwili katikati ya nyumba, na wote watatu wakayaona yakipanda polepole upande mmoja wa kata, upande wa mlima, kama mtu anayenyanyua shingo atazame mbali.

Sekela alikuwa ameketi mlangoni. Alitazama mara moja, akageuza uso.

Baada ya hapo kila nyumba ilikuwa na habari. Mitungi ilikutwa asubuhi imepungua, na sakafu imelowa upande wa magharibi tu. Ng'ombe walilala wote wameelekeza vichwa mlimani, na ukimgeuza mmoja alinyanyuka akajigeuza tena. Mahindi yalikuwa marefu na ya kijani kibichi, mazuri kuliko mwaka wowote, lakini yote yaliegemea mlimani. Hakukuwa na upepo. Hata asubuhi, jua lilipochomoza upande wa pili na kila mmea ulipaswa kuligeukia, mahindi ya Igonda yalilipa jua mgongo.

Kisha ikawa zamu ya watu. Mtu alikwenda shambani kwake, njia aliyoipita maisha yake yote, akashtuka amefika kwenye miamba ya chini ya mlima. Mwanamke alikuwa akitwanga; alipoinua macho aliona ameuvuta mchi na kinu mpaka nje ya ua. Watoto walipocheza, mchezo wao ulianzia uwanjani na kuishia kwenye njia ya Shingoni, na hakuna mtoto aliyeweza kusema nani aliongoza. Watu walicheka kidogo. Halafu wakaacha kucheka, wakaacha pia kusimuliana.

Kipala akatoweka. Mkewe alisema aliamka, akavaa, akatoka bila kuaga na bila mzinga wala kamba. Wakafikiri amekwenda kutafuta asali.

Siku chache baadaye akaja mgeni kutoka upande wa pili. Alikuwa mzee mwembamba, vumbi jeupe limemfika magotini. Akapiga hodi kwa Lutego. Sekela alipomsikia alisimama wima, akasema neno moja ambalo hakuna mtu nyumbani mle aliyelielewa. Mgeni akajibu kwa lugha ileile. Ulimi wa yule mama ulijikwaa, ukatafuta, kisha ukafunguka, na machozi yakamtoka. Alikuwa Ngailo, mdogo wake wa tumbo moja. Alimwacha bado anabebwa mgongoni.

"Mjomba, karibu," alisema Lutego. Hakuweza kumtazama vizuri.

Ngailo akakaa. Akauliza hali ya nyumba, ya watoto, ya mifugo, kama ilivyo desturi. Halafu akasema, "Mpwa wangu, mto wetu umekatika. Mbegu zimekufa ardhini. Wanawake wanachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa. Nimetumwa kuuliza kama na ninyi huku mmekatikiwa."

Nje ya mlango mahindi yalikuwa yamefunga ukuta wa kijani.

"Ukame huu umetupiga sote," alisema Lutego.

Ngailo alitikisa kichwa polepole. "Nimepita Shingoni. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona kitu." Alisema hivyo kwa upole, na Lutego alielewa kwamba anapewa nafasi. Angeweza kuishika. Hakuishika.

Tulibako akaleta maji ya kunywa kwenye kibuyu, akampa mgeni kwa mikono miwili. Ngailo aliyatazama yakimwinukia ukingoni. Uso wake ulilainika, kama wa mtu aliyekutana ugenini na mtoto wa jirani yake. Akakiweka kibuyu chini taratibu.

"Sitakunywa," alisema. "Mimi hapa ni mgeni, na haya pia ni mageni. Mgeni hamnywi mgeni mwenzake."

Akainuka kuondoka. Alipofika uani aligeuka. "Kuna mtu wenu tumemwokota chini ya maporomoko yetu, pale Kahuvi kilipokuwa kikiangukia. Mtu mnene, ana kovu la nyuki kwenye jicho. Inaonekana alitembea tu mpaka genge likaisha. Tumemzika kwa heshima. Waambieni watu wake."

Akaenda zake. Sekela alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba, wakizungumza lugha yao.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ubaya ulipo. Lutego hakwenda kuufunga mfereji. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa mbelewele. Alijiambia, siku chache tu, mpaka punje zikaze. Akaenda kwa mke wa Kipala akamwambia mumewe ameteleza akirina asali. Na tangu siku hiyo yeye mwenyewe hakugusa maji yale. Alikunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Kwenye mianzi yake aligema asubuhi, akagema jioni, akanywa huo peke yake, akasema tumbo linamsumbua. Mke wake alikunywa maji. Binti yake alikunywa. Kijiji kizima kilikunywa, naye aliwatazama wakinywa na hakumwambia mtu.

Ikafika asubuhi moja ambayo ukungu uliteremka mpaka kijijini. Lutego alikuwa kwenye mianzi. Aliporudi akakuta moto umezimika na mlango uko wazi. Akaita mke wake, kimya. Akaita Tusa, kimya. Akaenda kwa jirani, na mlango wa jirani ulikuwa wazi. Alikimbia nyumba hata nyumba. Kwenye moja chungu cha uji kilikuwa bado kinatokota na mwiko umo ndani. Ng'ombe walikuwa wamevunja mazizi. Kuku tu ndio waliobaki, wanarukaruka juu ya paa.

Akaishika njia ya Shingoni.

Alianza kuwaona karibu na juu. Kwanza ng'ombe, wanapanda mmoja nyuma ya mwingine bila mchungaji. Halafu watu. Walikuwa wametawanyika kwenye ukungu, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, vijana, kila mmoja peke yake ingawa walikwenda pamoja. Hawakuzungumza. Miguu yao haikusikika kwenye majani. Nyuso zao hazikuwa za mtu aliyelala wala za mtu aliyeamka. Walikuwa kama watu wanaosikiliza kitu cha mbali na hawataki kukipoteza.

"Simameni!" alipiga kelele. "Mbele kuna genge!"

Alimshika jirani yake mkono. Yule mtu hakumpinga wala hakumtazama. Alizidi kuegemea mbele tu, na mkono ulipomponyoka akaendelea. Lutego akamshika mwingine, akamwangusha. Huyo naye akanyanyuka akiwa na tope usoni, akaendelea. Mbele yao, katika ukungu, alijua uwanda unaishia wapi.

Ndipo akamwona Tusa. Alikuwa anatembea na vidole vyake vidogo vimenyooshwa mbele, kama anayepapasa ukuta gizani. Akamnyanyua. Mtoto hakulia. Mwili wake ulimwegemea baba upande mmoja, ukasukuma kwa nguvu ambazo si za mtoto, na Lutego aliona anayumba, anakokotwa hatua kwa hatua na mzigo aliokuwa ameubeba kifuani. Akavua shuka lake, akamfunga Tusa kiunoni kwenye shina la mti ulioota karibu na mfereji. Shuka likavutika likakaza. Mtoto akabaki ananing'inia mbele, macho yako wazi.

"Utawafunga wote?" sauti iliuliza.

Mama yake alikuwa ameketi juu ya tuta. Miguu yake ilikuwa ndani ya maji. Alimtazama sawasawa, kwa macho ya mtu mzima aliye na akili zake.

"Mama! Wewe hukunywa?"

"Nimekunywa kuliko wote."

"Basi mbona umekaa?"

"Na wewe mbona umesimama wima, Lutego? Watu wote wa Igonda wameinama, wewe peke yako umenyooka."

 Mwishowe Lutego akasema, "Nilijua. Tangu mjomba alipokuja. Nimekuwa nikinywa ulanzi."

Sekela hakumkemea. Ingekuwa nafuu kama angemkemea. Alisema tu, "Mkeo amepita hapa sasa hivi. Yuko mbele."

"Mama, nikibomoa hapa, mahindi yatakauka kabla hayajakomaa. Watu watakufa kwa njaa."

"Huenda wakafa. Njaa humpa mtu siku za kutafuta. Genge halimpi." Akaondoa miguu yake majini, akasogea pembeni. "Maji haya yakiangukia kule hayaumii. Yamezoea. Hawa wanayafuata tu, hawajui kwamba wao ni watu."

Lutego hakuwa na jembe. Akapiga magoti, akaanza kung'oa mawe ya tuta kwa mikono. Matope yalikuwa yameshikana kama ukuta wa nyumba. Kucha zilivunjika. Jiwe la kwanza likatoka, la pili, la tatu, na maji bado yaliendelea kuteremka mashariki bila sauti. Akalala chali, akapiga tuta kwa visigino, akapiga huku akiliita jina la mkewe, mpaka tuta likatikisika na kupasuka.

Maji yakasimama. Kwa muda mfupi hayakwenda huku wala kule. Yalitulia kama kioo, na Lutego anasemekana aliona ndani yake anga bila ukungu, ingawa ukungu ulikuwa juu ya kichwa chake. Kisha yakageuka.

Na yakatoa sauti. Hiyo ndiyo sauti ya kwanza yaliyoitoa tangu yalipochepushwa, na haikuwa ndogo. Yaliingia kwenye mkondo wake wa zamani uliokuwa umekauka, yakabeba majani na matope na mawe yote mbele yake, yakauvuka uwanda yakinguruma. Yalipita miguuni mwa watu. Na kila mtu ambaye maji yalimpita, alisimama. Lutego alikimbia kando ya mkondo akiona jambo hilo: maji yanampita mzee, mzee anasimama, yanampita mwanamke, mwanamke anaketi chini kwa ghafla na kushika kichwa. Aliyakimbiza mpaka mwisho wa uwanda. Tulibako alikuwa pale, mbele ya wote. Vidole vya mguu wake mmoja vilikuwa vimeshatoka nje ya mwamba. Maji yakampita kifundoni, yakajitupa chini, na yeye akabaki amesimama, akatazama utupu uliokuwa mbele yake, akapiga ukelele ambao waliusikia watu wa Itambo kule chini.

Lutego akamvuta nyuma, wakaanguka pamoja.

Katika uwanda wote watu walikuwa wanaamka. Wengine walilia, wengine waliitana majina. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini wako hapa na uji uko wapi. Tusa alifunguliwa kwenye mti, akamkumbatia bibi yake kwa muda mrefu, kisha akaja kwa mama yake.

Sekela alikuwa amesimama pale njia ya miguu inapoanza kuteremka kando ya maporomoko, upande wa magharibi. Alikuwa amejitanda nguo yake vizuri, kama mtu aliye safarini.

"Mama, rudi," alisema Lutego. "Yamekwisha. Umeamka sasa."

"Mimi sikulala, mwanangu. Wenzangu walivutwa. Mimi nilikumbushwa tu."

"Kwako ni Igonda. Umezaa Igonda. Umezeeka Igonda."

"Nimekunywa maji ya Ruvuye tangu nilipokuwa mwari," alisema Sekela. "Sikuyachukia. Lakini nilipoyaonja haya mtungini mwako, ulimi wangu uliyajua kabla yangu."

Lutego alimshika mkono. Aliushika kwa nguvu, kama alivyokuwa amewashika wale wengine, akiogopa. Lakini mkono huu haukumvuta kokote. Ulikaa tu katika mkono wake, mwepesi, wenye joto, ukisubiri. Ndipo alipojua kwamba mama yake hataondoka mpaka yeye amwachie, na kwamba amekuwa akisubiri hivyo miaka mingi, kwanza kwa baba yake, sasa kwake.

Akamwachia.

Kutoka chini kwenye ukungu mtu aliita. Aliita jina ambalo Lutego hakuwahi kulisikia maishani mwake, jina la msichana. Sekela akaliitikia, kwa sauti changa iliyowatisha waliokuwa karibu, akateremka. Ukungu ukamfunika kiunoni, kisha mabegani, kisha kichwani. Walisikia fimbo yake kwenye mawe kwa muda, halafu maporomoko yakaimeza.

Mahindi ya Igonda yalinyooka siku ileile, na baada ya siku chache yakakauka yakiwa yamesimama. Ulikuwa mwaka mbaya. Watu walichimba mizizi, waliuza ng'ombe, wengine walivuka mlima kuomba chakula Itambo. Hawakufukuzwa, lakini walilishwa kimya kimya, na walionyeshwa kaburi la Kipala. Lutego alikwenda kwa mjane wa Kipala akamwambia ukweli wote. Hakusamehewa upesi, na yeye hakuomba asamehewe upesi. Shamba la mjane yule alililima mpaka watoto wake walipokuwa wakubwa.

Mvua zilirudi. Ndipo wazee wa ukoo wa baba yake Lutego walipokusanyika, wakamwita. Walisema ni aibu. Mama yake alitolewa mahari, ni mke wa ukoo. Akifia kule, mifupa yake italala ugenini na mizimu itauliza. Waliandaa vijana wenye nguvu wa kwenda kumleta, apende asipende. Mmoja aliinuka, akasema, mwingine akainuka, akasema kwa ukali zaidi. Mzee wa mwisho akamgeukia Lutego. "Wewe ndiye mwanawe. Sema. Twende lini?"

Kila mtu katika kikao kile alikuwa ameyaona maji yakipanda ukingoni mwa mtungi wake. Kila mmoja sakafu yake ilikuwa imelowa upande mmoja. Kila mmoja alikuwa ameamka siku moja asubuhi kwenye ukungu, miguu yake ikiwa majini, bila kujua nani aliyemfikisha pale.

Lutego alisimama. Hakupaza sauti.

"Hata maji yana kwao," alisema.

 Vijana wakaweka fimbo zao chini, na wazee wakaondoka mmoja mmoja kwenda makwao.